Weusi wa fedha si uchafu

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, mrashi (chombo cha kunyunyizia marashi) au bangili za fedha zikiingia weusi husuguliwa kwa jivu au dawa ya meno, kwa imani kwamba ule ni uchafu ulioganda. Sivyo. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Dawa ya meno ina chembe ngumu. Ukisugua unaondoa fedha pamoja na weusi, na zile nakshi nyembamba za shingo ya mrashi hufifia mwaka hadi mwaka. Chombo kikiwa cha fedha ya kupaka, shaba huanza kuchungulia. Inauma, maana nakshi ikishalika hairudi.

Badala ya kusugua, tandaza foili ya alumini bakulini, weka chombo kikiigusa, nyunyiza kijiko cha bikaboneti ya soda kwa kila kikombe cha maji, kisha mimina maji yanayochemka. Alumini huivuta salfa, fedha ikabaki mahali pake. Ukisikia harufu ya yai viza, kazi inafanyika. Suuza, kausha kwa kitambaa laini. Lulu, vito na vilivyounganishwa kwa gundi usivitie humo kabisa.