Kisu cha randa kikinolewa upande: angalia jiwe na vidole kabla hujalaumu kigari

Wiki iliyopita kijana wangu hapa karakana Mafinga kaniletea ubao wa paini kaupiga randa, ukiutazama kwa mbali safi kabisa, ukipitisha kidole unakuta mstari umezama ubao mzima kama umekwaruzwa na ukucha. Yaani kona moja ya kisu inachimba, nyingine haigusi kitu. Nikatoa kisu nikaweka skwea (kile kipimo cha kona mraba), upande mmoja umeliwa karibu milimita nzima kuliko mwenzake, na dogo anashangaa, "Lakini fundi, nimenoa na kigari!"

Kigari ndo tunavyokiita sisi kile kishikizo chenye gurudumu dogo chini, unabana kisu au patasi halafu unasukuma juu ya jiwe. Kazi yake ni moja tu, kushika pembe isibadilike. Kuhusu makali kwenda sawa kushoto na kulia hakikusaidii sana, kwa sababu kagurudumu kenyewe kembamba, ukiegemea upande kanaegemea na wewe.

Na wapo wanaosema paini laini haina haja ya kisu kikali. Hapana jamani. Mninga ni mgumu, nyuzi zake zinasimama zikatwe hata kama makali yamechoka kidogo, paini zinalala na kupondeka, ukija kupiga vanishi unaona mabaka. Sisi tunaokula kwa mbao za paini za msitu wa Sao Hill ndo tunatakiwa kunoa kuliko wote.

Sasa, cha kwanza ni jiwe. Jiwe likitumika muda linaliwa katikati linakuwa kama bakuli, na kisu kinaiga umbo la jiwe, huwezi kupata mstari ulionyooka juu ya bakuli hata uwe na kigari cha aina gani. Chora miraba ya penseli jiwe zima, gundisha msasa wa 220 juu ya kioo kinene, weka maji, sugua jiwe mpaka penseli yote iondoke. Ikibaki katikati peke yake ujue hapo ndo shimo, endelea. Kama jiwe huna kabisa tumia kioo hichohicho na msasa wa maji, 400 halafu 1000 halafu 2000, mimi nimefanya kazi miaka na msasa tu na makali yalikuwa makali.

Cha pili ni kukaa kwa kisu kwenye kigari. Hivi vigari vya kubana pembeni, kisu cha randa kinakaa juu na patasi inakaa chini kwenye mfereji wake, ndo maana vipimo havifanani: kisu cha randa kikitokeza milimita 38 unapata nyuzi 30, kikitokeza 50 unapata 25, patasi ni milimita 30 kwa nyuzi 30 na milimita 40 kwa nyuzi 25. Usipime na rula kila siku, utachoka na utakosea. Chukua kipande cha ubao, pigilia vijiti kwenye umbali huo, unasukuma kigari kigote ukingo wa ubao na ncha ya kisu igote kijiti, unakaza. Kabla hujakaza mwisho weka skwea, maana skrubu ikikazwa inapenda kuvuta kisu kidogo, na hapo ndo kosa linapoanzia. Mimi kwenye grainda natoa nyuzi 25, taratibu huku nachovya maji (kikigeuka bluu hapo ugumu umekwisha), halafu kwenye jiwe natumia nyuzi 30, kwa hiyo nanoa kamstari kembamba tu ka mbele na haichukui muda.

Cha tatu, na ndicho kilichomkuta dogo, ni vidole. Weka vidole viwili vya shahada juu ya kisu, karibu na makali, kimoja kila kona, uzito sawa. Mkono wa kulia una nguvu unabonyeza zaidi bila wewe kujua, na asubuhi za Julai huku kwetu maji ya baridi yanafanya vidole vife ganzi, hapo ndo hujui kabisa unabonyeza wapi. Kwa hiyo paka maka peni kwenye ule mteremko wa makali, piga mara tano tu, angalia. Wino ukiondoka kona moja peke yake, kona hiyo inakula, hamishia uzito wa kidole kona ya pili mpaka wino uondoke sawa. Nilimkalisha dogo akafanya hivyo kama nusu saa, kila mara tano anageuza kisu anaangalia wino, na milimita yake ikarudi.

Utajua umefika ukipapasa mgongo wa kisu ukasikia kimkunjo cha chuma kinakwaruza kidole, kiwepo toka kona hadi kona. Hapo toa kwenye kigari, laza mgongo flati juu ya jiwe laini, kiondoe. Usiunyanyue mgongo hata kidogo.

Patasi ya milimita 6 ndo inasumbua kwenye kigari, inayumba kama baiskeli, hiyo kidole kimoja katikati, unavuta kuja kwako tu bila kusukuma, na skwea unaweka kila baada ya mivuto michache.