Kabla ya kisu cha kwanza: kumwona daktari mpasuaji wa saratani ukitokea Lamu au Malindi

Mara nyingi kinachoharibu matibabu ni kisu kilichotangulia, kabla mgonjwa hajamfikia mpasuaji wa saratani. Uvimbe wa ziwa hutolewa zahanati kwa sindano ya ganzi, kidonda kikashonwa, kinyama kikatupwa. Uvimbe ukirudi pale pale, anayeombwa kuutibu hana hata karatasi moja ya kumwambia ulikuwa nini, wala haoni tena mipaka yake. Kwa hiyo naanza na hili: hakuna kitolewacho mwilini kikatupwa bila kupimwa, hata akikwambia mtu kuwa ni mafuta tu.

Kinyama hutiwa ndani ya formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, kwenye chombo cha mdomo mpana, na dawa iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Maji ya dripu hayazuii kuoza, na kukigandisha kwenye friza hupasua seli. Sampuli itokayo Faza huvuka kwa boti, ikashuka Mokowe, ndipo ianze barabara ya Mombasa. Kwa joto letu, kinyama kisichotiwa dawa hakiimalizi safari hiyo kikiwa kizima. Jina, tarehe na upande, kulia au kushoto, viandikwe ubavuni mwa chombo. Vifuniko hubadilishana. Kinyama cha ziwa kisipungue saa 6 wala kisizidi saa 72 ndani ya formalini, la sivyo vipimo vya homoni na vya HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za ziwa), ambavyo ndivyo vinavyochagua dawa, haviaminiki.

Uliza pia ni sindano gani itakayotumika. Nyembamba hunyonya seli tu. Nene hukata kipande cha nyama, na hicho ndicho kinachoonyesha kama saratani imeshapenya. Kwa ziwa, omba nene. Korodani lina sheria yake: halichomwi sindano kupitia mfuko wake, hutolewa zima kwa mkato wa kinenani, kwa sababu kuchoma kwaweza kufungulia ugonjwa njia nyingine.

Siku ya miadi beba ripoti ya maabara yenye nambari ya sampuli. Kwa nambari hiyo kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kuazimwa kisomwe upya na mtaalamu mwingine, bila wewe kukatwa tena. Picha za CT au MRI zije kwenye CD pamoja na ripoti. Ripoti husema uvimbe upo. Mimi mpasuaji nataka kuona umeshikana na mshipa gani. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikiwa imeegemezwa dirishani haisaidii kitu.

Njoo na mtu mmoja wa kusikiliza na kuandika, si ukoo mzima. Na wale wanaotunong'oneza mlangoni, “Daktari, mama asiambiwe,” nawaelewa, lakini anayetia kidole kwenye fomu ya idhini ni mama mwenyewe. Hawezi kukubali asichokijua.

Ningekuwa mimi mgonjwa, swali la kwanza kwa mpasuaji lingekuwa: upasuaji huu ni wa kuponya au wa kupunguza mateso? La pili: kwa nini tuanze na kisu? Mara nyingine hatuanzi nacho. Saratani ya ziwa iliyokwisha kushika ngozi huanza na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ya mlango wa kizazi ikishaenea kwenye nyama za pembeni hutibiwa kwa mionzi pamoja na kemo. Mwanamke anayetokwa na damu akatolewa kizazi haraka, bila mlango kuangaliwa na kupimwa kinyama, huenda akajikuta amefanyiwa upasuaji mkubwa na bado anahitaji mionzi. Uliza pia kama kesi yako imejadiliwa na wa mionzi, wa kemo na wa maabara pamoja. Daktari mzuri haudhiki ukitaka maoni ya pili.

Sema yote unayotumia. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji, lakini usiiache bila kuambiwa. Mafuta ya habasoda na vidonge vya kitunguu thaumu vyaweza kuongeza damu kutoka (cha kwenye mchuzi hakina neno). Miraa na muguka hupandisha presha na mapigo ya moyo, basi mwambie daktari wa nusukaputi kweli bila haya, hakuja kukuhukumu. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Chakula hukoma muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla, na chai ya maziwa huhesabiwa chakula.

Malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yahakikishe kabla ya kuondoka nyumbani. Hospitali huomba idhini ya SHA kwanza, na michango isiyolipwa huahirisha tarehe.

Baada ya upasuaji watu hushangilia kuwa “imetolewa yote” na wengi hawarudi. Ripoti ya pili ya maabara ndiyo yenye habari: kingo za kilichokatwa ni safi au la, na mitoki (tezi za limfu) mingapi imepimwa. Kwa utumbo mpana tunataka angalau 12. Ikiwa michache, huenda ugonjwa umehesabiwa mdogo kuliko ulivyo, na kemo iliyohitajika isitolewe. Kabla ya kupanda basi la kurudi Mokowe, uliza majibu hayo yatatoka lini, na nani atayachukua.