Mkao wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: maswali ya wazazi na majibu yake

Kwa nini mwanangu huanguka ubavu kila anaponyoosha mkono kuchukua kitu?

Kwa kawaida, kabla mkono haujasogea, ubongo huwa umeshaiamuru misuli ya tumbo, mgongo na nyonga ijikaze kidogo ili uzito wa mkono usiuvute mwili wote. Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha lililoupata ubongo ungali mchanga, na jeraha hilo, iwe ni kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa manjano makali au kwa homa ya uti wa mgongo, huivuruga amri hiyo: huenda ikachelewa, au ikaikaza misuli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja hadi kiwiliwili kikashindwa kujirekebisha. Huo si uvivu, wala si deko.

Akikaa mkekani miguu imenyooka, mgongo hupinda. Nimsukume anyooke?

Kumsukuma mgongoni hakusaidii, kwa kuwa chanzo kiko chini. Misuli ya nyuma ya mapaja ikiwa imekaza, magoti yanyookapo huivuta fupanyonga irudi nyuma, mtoto akakalia kifandugu badala ya makalio, na mgongo ukakosa budi kupinda. Mketishe kwenye kigoda cha kimo chake, magoti yakunjike na nyayo zote zikanyage sakafu, kisha mshike nyonga kwa mikono miwili, si mabega. Mara nyingi kichwa huinuka chenyewe. Hapo weka kikombe mbele yake, baadaye pembeni kidogo, na akianza kuyumba mpe nafasi ya kujirudisha kabla hujamdaka. Anayeshikwa kila mahali hana cha kujifunza. Asiyeshikwa kabisa huimaliza mikono yote miwili katika kujiegemeza, asiweze kucheza wala kula.

Kiti maalumu hakitamdumaza?

Hapana, ilimradi asiachwe humo kutwa nzima. Kiti kinachoshika nyonga na mbavu humwachia mikono, na wakati wa kula, kichwa kikiwa wima na kidevu kimeshuka kidogo, hatari ya kupaliwa hupungua. Wala si lazima kiwe cha bei kubwa: nchini Kenya viko viti vilivyotengenezwa kwa tabaka za maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, na vikikauka vyema humhimili mtoto.

Je, atatembea?

Tangu 1997 wataalamu hutumia kipimo chenye ngazi 5: wa ngazi ya kwanza hutembea bila msaada, wa ngazi ya tano huhitaji msaada hata kukishika kichwa. Mtoto anayekaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea, ingawa huenda akahitaji magongo. Kwa asiyetembea, jambo ambalo wazazi wengi huchelewa kuambiwa ni kwamba nyonga yake inaweza kuteguka polepole, mwanzoni bila maumivu yoyote; kwa hiyo mwombeni daktari picha ya eksirei ya nyonga, na irudiwe kwa vipindi atakavyopanga yeye, hata kama mtoto halalamiki.