Usinitajie Shabari kijiko kikiwa mdomoni

Wiki hii tena. Tunapika thal, sinia ya vyakula vya kumtolea Mungu, ya mandir, hekalu letu la Kihindu hapa Mombasa, msichana mmoja anachota dal, mchuzi wa dengu, anaonja, kisha anakirudisha kijiko sufuriani. Nikamwambia Mungu hula kwanza: dal iliyoonjwa imeshakuwa yetu, haiendi mbele ya murti, sanamu yake takatifu, tuinjike nyingine. Jibu likawa lile lile la miaka yote: "Masi (shangazi), Mungu anaangalia moyo. Hata Shabari alionja." Yaani yule bibi wa porini anayesimuliwa kuwa alionja matunda kabla ya kumlisha Bwana Rama.

Watu hunisomea Gita, kitabu chetu kitakatifu ambamo Bwana Krishna anasema, 9:26: jani, ua, tunda au maji, anayenitolea kwa bhakti, mapenzi ya ibada, nampokelea. Wanaishia hapo. Neno la mwisho la aya hiyo ni prayatatmanah, yaani yule aliyeitakasa nafsi yake. Bhakti imetajwa mara mbili, na bado Krishna akaliongeza neno hilo. Asiye na samli amefunguliwa mlango, alete maji. Mzembe sioni alipotajwa.

Shabari naye anasingiziwa. Katika Ramayana ya Valmiki, utenzi wa kale wa habari za Rama, haonji kitu, anamkaribisha Rama kwa matunda ya porini aliyomkusanyia. Kuonja kumekuja na masimulizi ya baadaye, nami nayapenda: bibi kizee anang'ata kunazi moja moja, chachu anatupa, tamu anamwekea mgeni wake. Haya, wewe uliyeonja dal, ulikuwa unamtafutia nani utamu? Ulikuwa na njaa, mwanangu. Chumvi hupimwa kwa kiganja na kwa pua. Jirani yangu Mwislamu hupika futari mwezi mzima bila kuonja, na sijawahi kula kwake chakula kilichozidi chumvi.

Vitunguu maji na vitunguu saumu haviingii, hilo halina mjadala jikoni kwangu. Lakini kanuni si moja kila mahali. Puri, India, katika hekalu la Jagannath, ambaye ni Krishna kwa jina jingine, viazi na nyanya havipikwi. Sisi Wagujarati tunatenga viazi kwenye thal bila wasiwasi. Bengal, mungu wa kike Kali hutolewa nyama ya mbuzi, nayo hupikwa bila kitunguu. Kwa hiyo sisemi Mungu anachukia kiazi.

Huko huko Puri husimuliwa habari za Karmabai, aliyeamka alfajiri kumpikia Krishna khichdi, wali uliopikwa na dengu, kabla hajaoga, maana alimwona kama mtoto wake, asije akashinda njaa. Sadhu mmoja, mtawa wa Kihindu, akamfundisha aoge kwanza, apige deki, asafishe kuni. Siku iliyofuata khichdi ikachelewa, Bwana akala kwa haraka, na makuhani wakaikuta midomoni mwa Jagannath. Sadhu akarudi kuomba radhi. Kisa hiki nakiamini kabisa. Lakini Karmabai aliacha kuoga kwa haraka ya kumlisha Bwana. Wanaonitajia jina lake mara nyingi wana haraka ya kwenda zao.

Inayoninyima usingizi ni kanuni ya hedhi. Nimeishika tangu usichana, nikamfundisha binti yangu, na sina sababu niliyompa ambayo mimi mwenyewe imeniridhisha. Siku hizo hukaa nje ya mlango wa jiko akichambua choroko za kwetu nyumbani, anaimba bhajan, nyimbo za ibada, taratibu, na hakuna mle ndani mwenye bhakti kumzidi. Namwangalia, kisha narudi kwenye sufuria. Sijathubutu kumwambia aingie. Sina hakika kama ninamtii Mungu au namwogopa mama mkwe aliyekwisha kufa.

Dal ya pili iliiva karibu na saa ya arti, ibada ya taa. Nilimpa yule msichana aweke jani la tulsi, mrihani wetu mtakatifu, juu yake. Alinawa mikono mara mbili bila kuambiwa.