Mtoto mwenye usonji: zawadi kila mara, au mara mojamoja?

Ratiba ya kuimarisha tabia ni nini?

Ni utaratibu wa kupanga ni lini tabia ipate malipo: kila inapotokea, baada ya idadi fulani ya mara, au baada ya muda fulani. Malipo si lazima yawe pipi. Mmoja anapenda kubembezwa, mwingine kupigiwa makofi. Kama tabia haiongezeki, hayo hayakuwa malipo kwa mtoto huyo. Mwaka 1957 Wamarekani B. F. Skinner na Charles Ferster walichapisha utafiti mkubwa wa ratiba hizi, uliofanywa zaidi kwa njiwa, na tiba ya tabia inautegemea hadi leo.

Mwanangu wa miaka minne bado haongei. Nianze na ipi?

Kila mara. Tuseme anajifunza kuomba maji badala ya kukuvuta mkono. Akitamka "ma" huku anatazama kikombe, mpe papo hapo, usimwambie kwanza "sema vizuri". Mimina mafunda mawili tu, ili apate sababu ya kuomba tena. Tabia ikiwa bado changa, ukiruka mara moja au mbili anaweza kuiacha kabisa.

Nipunguze lini?

Ombi la maji au la kwenda chooni usilipunguzie, liitikie siku zote. Kinachopunguzwa ni zawadi za kazi, kama kupanga vikombe au kuvaa viatu, tena kazi hiyo ikishakomaa. Toka zawadi baada ya mara moja, nenda baada ya mara mbili, kisha tatu. Ukirukia kumi, atasusa au atalia. Rudi hatua uliyotoka. Zawadi ikija kwa idadi ileile daima, akishaipata husita kidogo kabla ya kuendelea. Ukiibadilisha, leo baada ya mbili, baadaye baada ya tano, hufanya mfululizo kwa sababu hajui itakuja lini.

Analilia simu. Siku nyingine nampa, nyingine namnyima. Kuna ubaya?

Upo, na natamani kila mzazi alijue hili mapema. Malipo yasiyotabirika ndiyo yanayoifanya tabia iwe sugu. Ndiyo yanayomgandisha mtu kwenye mashine za kamari. Ukimnyima siku tatu, ya nne ukachoka ukampa, amejifunza kwamba kilio kirefu kinalipa. Si ukaidi wake, wala wewe si mzazi mbaya. Tabia hujengeka hivyo kwa kila mtu.

Ukiamua kutompa tena anapolia, kilio huenda kikapanda kwanza ndipo kishuke, kwa hiyo kubalianeni nyumba nzima, bibi na dada wa kazi wakiwemo. Wakati huohuo mfundishe kuomba kwa kuonyesha picha ya simu, na siku za mwanzo akiomba hivyo mpe kila mara, hata kwa dakika chache. Kama anapolia hujigonga kichwa au hujing'ata, usianze peke yako; mtafute kwanza mtaalamu wa tabia au daktari wa watoto.