Kiwanja Soga, kazi Posta: hesabu ya treni ambayo dalali hakupigii

Tangu SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, swali ninaloulizwa kuliko yote ni la viwanja. "Kaka, kuna kiwanja Soga, dalali anasema treni inakufikisha mjini chap, nichukue?" Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mjini, yaani ratiba, foleni na vichwa vya abiria, kwa hiyo naonekana mtu sahihi wa kuulizwa. Huwa najibu kwamba treni ni nzuri, kiwanja nacho huenda ni kizuri, ila treni ile haikujengwa kwa ajili ya kumpeleka mtu kazini kila asubuhi. Hapo ndipo wengi wananinunia.

Tuanze na nauli, maana haina ubishi. Viwango vya LATRA, mamlaka inayopanga nauli, vya mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar, vilikuwa Pugu sh 1,000, Soga 4,000, Ruvu 5,000, Ngerengere 9,000 na Morogoro 13,000. Chukua siku 22 za kazi, kwenda na kurudi. Wa Pugu anatoa 44,000 kwa mwezi, hana cha kulalamika. Wa Soga anatoa 176,000. Wa Morogoro anatoa 572,000, na mjini hapa wapo wengi ambao mshahara wao wa mwezi haufiki hapo. Bodaboda ya kutoka nyumbani hadi kituoni bado hatujaigusa.

Sasa vituo. Ukiondoka Stesheni, treni inapanda daraja refu, unaiona Kamata kwa chini, unapita Ilala, Vingunguti, Gongo la Mboto, na kote huko haisimami. Kituo cha kwanza ni Pugu, kilomita kama 19. Watu wote wanaoishi katikati ya hapo wanaitazama ikipita wakiwa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Si uzembe wa mtu. Njia ile ilisanifiwa kwa treni ya abiria ya kilomita 160 kwa saa na mizigo ya kwenda bara, na treni ya namna hiyo ukiisimamisha kila mtaa unaiua.

Wanaodai tuongeze vituo tu hesabu hii huwa wanairuka. Treni nzito inayovutwa na kichwa, tuseme inaongeza kilomita 1.8 kwa saa katika kila sekunde. Ili ifike 160 inahitaji sekunde 89, na ndani ya muda huo imekula karibu kilomita 2. Kufunga breki tuseme ni hivyo hivyo, kilomita 2 nyingine. Kwa hiyo kama vituo viko kilomita 2 mbali, haitaiona 160 hata siku moja. Itafika kama 114 katikati ya njia, papo hapo dereva aanze kuizuia, na safari ya kituo hadi kituo itachukua sekunde 126.

Chukua sasa treni nyepesi ya mjini ambayo mwisho wake ni kilomita 70 kwa saa, lakini inachomoka haraka, kilomita 3.6 kwa saa katika kila sekunde. Kilomita 2 zile zile inazimaliza kwa sekunde 122. Umesoma vizuri: ya 70 imeitangulia ya 160. Sogeza vituo viwe kilomita 1 na pengo linatanuka, sekunde 71 kwa 89. Ndiyo maana Addis Ababa, ilipofungua treni yake nyepesi Septemba 2015, haikuhangaika na spidi. Njia zake zina urefu wa kilomita kama 34 na vituo 39, chini ya kilomita moja kutoka kimoja hadi kingine.

Halafu kuna muda wa kusubiri, na kwa maoni yangu huu ndio unaoamua kila kitu. Daladala pamoja na shida zake zote ina sifa moja: ukiikosa, nyingine iko nyuma yake. Wakazi wa Dar wanajua thamani ya nafasi kuliko mshauri yeyote wa usafiri. Nenda Gongo la Mboto saa 11 na nusu alfajiri uwaone "wanaogeuza". Mtu anapanda gari linalorudi, kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho, analipa nauli ya kwenda asikokwenda, ili likifika na kugeuza awe tayari kiti cha dirishani. Konda anawajua kwa sura. Mama mmoja mbele yangu alikwisha vua viatu na kujifunika khanga kabla gari halijageuka, usingizi wa kulipia. Huyo kanunua kiti kwa nauli ya pili na dakika zake kadhaa, na ukimuuliza atakwambia inalipa.

Abiria kama huyo mpe treni inayopita kila baada ya saa mbili uone. Ikimwacha, siku yake imeharibika. Juu ya hapo SGR inaendeshwa kama safari ya mkoani: tiketi ina jina lako na namba ya kiti, unaonyesha kitambulisho, mzigo unapita kwenye mashine, unatakiwa kufika mapema. Kwa anayekwenda Dodoma utaratibu huo hauna neno. Kwa anayekwenda Samora kufungua duka, nusu saa ya treni inageuka saa nzima na ushee kabla hajatoka Stesheni. Afadhali huyo wa Samora, atatembea kwa miguu. Wa Masaki au Mikocheni akishuka Stesheni ndiyo kwanza anaanza safari nyingine.

Kwa nini wasiongeze treni basi? Kwa sababu njia kuu ni moja, na treni zinapishana mahali maalumu tu. Tuseme kutoka sehemu moja ya kupishana hadi nyingine ni dakika 10. Treni ya kwenda ikiingia kwenye kipande hicho, ya kurudi inasubiri dakika 10 kipande kiwe wazi, kisha inachukua dakika 10 zake kupita. Hapo tayari huwezi kupata zaidi ya treni moja kila dakika 20 kwa upande mmoja, na hujaweka mzigo wa bandarini ambao nao unataka nafasi yake. Seti moja ya mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua ya kuchongoka, ina behewa 8 na inabeba watu karibu 590. Inaonekana kubwa, lakini basi refu la mwendokasi linabeba kama 140, kwa hiyo mchongoko mmoja kwa saa ni sawa na mabasi manne kwa saa. Aliyewahi kusimama Kimara asubuhi anajua manne hayafiki popote.

Reli ambayo ningeitazama mimi kwa mtu wa kazini ni zile za zamani, na jiji hili linazo mbili. Ya kati, waliyoianza Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia iliyokamilika miaka ya 70, ni 1,067. SGR ni 1,435. Jiji moja, reli tatu, na hakuna behewa la mojawapo linaloweza kukanyaga njia ya mwenzake. Lakini hizo mbili kuukuu zinapita penye watu. Ndiyo siri ya ile treni iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo wakaiita treni ya Mwakyembe. Mabehewa yalikuwa ya kale na mwendo wa kinyonga, ila ilikuwa inasimama Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA ikaenda Yombo hadi Mwakanga. Ikajaa tangu wiki ya kwanza. Kasi hakuna aliyeiuliza.

Ukitaka kuigeuza njia hiyo iwe treni nyepesi ya kweli, ya kila dakika 10, kuna mambo mawili ningeyaweka mezani kabla hata ya kuchagua rangi ya mabehewa. Kwanza vipuri na karakana. Addis ilikuwa na mwanzo mzuri, kisha miaka michache baadaye magari mengi yakawa yamelala kwa kukosa vipuri, na ratiba ikafa polepole.

Pili, na hili silisikii likitajwa kabisa, ni pale barabara inapokatiza reli. Treni kila dakika 10 kwenda na kila dakika 10 kurudi ni mara 12 kwa saa geti linafungwa. Kila kufunga tuseme dakika 2. Hizo ni dakika 24 katika kila saa ambazo daladala, bajaji na malori yamesimama Tabata yakipigiana honi, tena asubuhi ambayo hata bila geti haipitiki. Ukiacha geti wazi, treni ndiyo inasimama. Kwa hiyo bajeti ya treni nyepesi Dar sehemu kubwa ni bajeti ya madaraja, ya aina ya lile la Mfugale pale Tazara lililofunguliwa Septemba 2018, na mtu akikuletea gharama za mradi zenye mabehewa na nyaya za umeme tu, muulize magari ya Tabata yatapita wapi.