Datumu ya ramani: kwa nini GPS nzima inakupeleka mita 300 pembeni

GPS ya mkononi ikionyesha kwamba uko ng'ambo ya pili ya mto wakati hujavuka, kinacholaumiwa kwanza ni mashine. Betri zinabadilishwa, kifaa kinazimwa na kuwashwa, mtu anapanda kichuguu ili apate setilaiti zaidi. Lakini kama kifaa kinapata setilaiti vizuri na bado kinakosea kwa mita mia mbili tatu, mara nyingi hakijaharibika. Kilichokosewa ni datumu. Hii haionekani kwenye ukurasa wa kawaida wa skrini, na ndiyo maana inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima bila mtu yeyote kuishuku.

Datumu ni makubaliano kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu. Kodineti za kisima, za jiwe la mpaka au za mti ni hesabu ya umbali au pembe, na kila hesabu ina mwanzo wake. Dunia nayo si tufe kamili: imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na uso wake una milima na mabonde. Kwa hiyo wapima huchagua umbo laini la kihesabu linaloikaribia dunia, liitwalo elipsoidi, kisha hulifunga kwenye ardhi halisi kwa namna maalumu. Umbo hilo, pamoja na namna lilivyofungwa, ndiyo datumu. Ukiibadilisha, namba za kila mahali zinabadilika, ingawa hakuna jiwe hata moja lililosogea.

Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunalijua jambo hili vizuri. Saa mbili asubuhi na 08:00 ni wakati uleule. Tofauti ni kwamba mmoja anaanza kuhesabu alfajiri na mwingine usiku wa manane. Hakuna aliyekosea. Anayekosea ni yule anayepokea namba ya mmoja na kuisoma kwa saa ya mwingine.

Setilaiti za GPS zinahesabu kwa datumu iitwayo WGS84. Elipsoidi yake ina nusu kipenyo cha mita 6,378,137 kwenye ikweta, na kitovu chake kimewekwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia, kwa sababu setilaiti huzunguka kitovu hicho. Ramani zetu za zamani zilichorwa kabla ya setilaiti hizo kuwapo. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia datumu ya Arc 1960, juu ya elipsoidi ya Clarke 1880, ambayo nusu kipenyo chake kimezidi cha WGS84 kwa mita 112. Jina hilo linatokana na kazi kubwa ya kupima tao la meridiani, yaani mstari wa longitudo, ya 30 Mashariki, wazo alilolianzisha mwanaastronomia David Gill akiwa Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 19. Wapima walijenga mlolongo wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kilima kwa kilima, na kiungo cha mwisho kilikamilika mwaka 1954. Naiheshimu sana kazi ile. Ilifanywa kwa miguu, kwa darubini na kwa hesabu za mkono, na ikaipa Afrika Mashariki mfumo mmoja. Ila kitovu cha elipsoidi yao hakiko mahali kilipo kitovu cha WGS84. Viwili hivyo vimeachana kwa takriban mita 340.

Pengo hilo ndilo linalokufuata porini. Ukisoma kodineti za UTM (gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda zenye namba) mahali pamoja kwa datumu zote mbili, WGS84 itakupa namba ya kaskazini iliyopungua kwa takriban mita 300, na namba ya mashariki iliyozidi kwa mita 75 hadi 100 kutegemea ulipo. Tuseme karibu na Morogoro kuna kisima ambacho kwenye ramani ya karatasi kiko 352400 mashariki na 9246300 kaskazini. Ukisimama kando ya kisima hichohicho na GPS iliyowekwa WGS84, skrini itasoma karibu 352490 na 9246000. Ukifanya kinyume chake, yaani ukaziingiza namba za ramani kwenye GPS hiyo na kuifuata, itakupeleka kaskazini-magharibi ya kisima, zaidi ya mita 300 kutoka kilipo. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo ni milimita 6, na jicho linaziona.

Kwa digrii mambo ni tofauti kidogo, na wengi hawaambiwi. Kwa sababu elipsoidi hizo mbili hazikubonyea sawasawa, tofauti ya latitudo hupungua kadiri unavyoshuka kusini: karibu na Nairobi ni kama mita 290, Dar es Salaam kama 230, na ukifika Songea imebaki kama 200. Kwa hiyo usiibebe namba ya 300 kila mahali ukaitumia kutoa na kujumlisha kwa mkono. Iache programu ifanye hesabu hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa mchimbaji mdogo. Leseni nyingi za madini Tanzania zimeandikwa kwa digrii za Arc 1960. Chukua eneo la hekta 10 lenye umbo la mraba: kila upande ni kama mita 316. Ukizipanda nguzo zake nne kwa GPS iliyoachwa kwenye WGS84, huko Kanda ya Ziwa mraba wote utahama kwa takriban mita 280. Kinachobaki ndani ya leseni ni kipande chembamba. Mtu anachimba shimo, anatumia fedha za familia, halafu inagundulika kwamba yuko kwenye eneo la jirani. Kila nikisikia ugomvi wa namna hii, swali langu la kwanza ni datumu, kabla sijauliza nani alifika pale mwanzo.

Sasa, utajuaje kwamba tatizo ni datumu na si kitu kingine? Angalia tabia ya kosa. Kosa la mapokezi halitulii: chini ya miti mikubwa, bondeni, au kando ya jengo refu nukta inarukaruka, mara huku mara kule, na namba ya usahihi kwenye skrini inapanda. Kosa la datumu limetulia tuli. Leo na kesho, asubuhi na jioni, linakusogeza upande uleule kwa umbali uleule. Nenda mahali unapoweza kupatambua bila shaka kwenye ramani, kama daraja, makutano ya barabara au alama ya upimaji juu ya kilima, usome kodineti na ulinganishe. Kisha rudia mahali pengine umbali wa kilomita chache. Ukipata pengo lilelile, acha kubadilisha betri.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Namba ya usahihi inayoonyeshwa na kifaa, ile ya mita 3 au 5, haijui chochote kuhusu datumu ya ramani yako. Inakadiria tu jinsi kifaa kinavyozisikia setilaiti. Kwa hiyo unaweza kuona mita 3 kwenye skrini huku umekosea kwa mita 300, na kifaa hakijakudanganya. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga mawimbi ya GPS kwa raia kwa makusudi, na kosa la kufikia mita 100 lilikuwa la kawaida, hivyo watu walizoea kusamehe. Uvurugaji huo ulipoondolewa, kosa lililobaki lilikuwa dogo kiasi kwamba tofauti ya datumu ikajitokeza waziwazi.

Makosa mengine yana ukubwa wake. Ukijikuta mamia ya kilomita mbali, hiyo ni kanda ya UTM. Meridiani ya 36 inatenganisha kanda ya 36 na ya 37, na mtu anayetoka Arusha kwenda Karatu anaivuka njiani. Kigoma iko kanda ya 35. Kwa Kenya na Uganda kuna ikweta pia, maana namba ya kaskazini inaanza sifuri upande mmoja na milioni kumi upande mwingine. Kosa la kilomita chache hadi makumi kadhaa mara nyingi ni dakika zilizoandikwa kama desimali: 6°30' si 6.30, ni 6.5. Na kifaa kilicholala kabatini kwa miezi kinahitaji kukaa wazi chini ya anga kwa dakika kadhaa, hata zaidi ya 12, kabla hujakihukumu.

Tiba kwenye kifaa ni fupi. Kwanza soma pambizo la chini la ramani. Kwenye karatasi za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 wa Tanzania na Y731 wa Kenya utakuta maandishi madogo yanayotaja gridi ya UTM, elipsoidi ya Clarke 1880 na datumu ya Arc 1960. Kisha kwenye kifaa cha Garmin ingia Setup, halafu Position Format, na ushuke hadi Map Datum. Chagua ARC 1960. Angalia vizuri, kwa sababu ARC 1950 iko jirani yake kwenye orodha, nayo ni ya nchi za kusini kama Zambia na Malawi. Ukiibonyeza kwa bahati mbaya utapata kosa jipya la makumi ya mita, dogo kiasi cha kukuhadaa kwamba umetengeneza. Kwa kifaa kisicho na Arc 1960 kwenye orodha lakini kinachoruhusu datumu ya mtumiaji, vipimo vya wastani ni DX -160, DY -6, DZ -302, DA -112.145 na DF -0.54750714. Kwa Tanzania peke yake tatu za mwanzo ni -175, -23 na -303. Kwa Kenya ni -157, -2 na -299. Programu nyingi za simu hazina chaguo hilo kabisa, zinajua WGS84 tu.

Kuna kitu cha kuelewa hapa kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Kubadilisha datumu kwenye kifaa hakubadilishi nukta ulizokwisha kuhifadhi. Kunabadilisha namba zinavyoonyeshwa, na jinsi kifaa kinavyozielewa namba unazoziandika kwa vidole. Ukitoa nukta kwa waya kama faili la GPX, aina ya faili la kuhamishia nukta za GPS, zinatoka kwa WGS84 daima, hata kama skrini ilikuwa kwenye Arc 1960 siku nzima. Maana yake ni kwamba kosa huingia kwa kalamu. Mmoja ananakili namba kutoka kwenye skrini hadi daftarini, mwingine anazichapa kwenye jedwali mjini, na datumu haikuandikwa popote. Kwenye daftari la kazi, neno ARC au WGS mbele ya kila ukurasa lina thamani sawa na namba zenyewe.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kila mfumo wa kodineti una nambari yake ya utambulisho iitwayo EPSG. Arc 1960 UTM kanda ya 36 kusini ni 21036, ya 37 kusini ni 21037. Kwa WGS84 ni 32736 na 32737. Unapofungua faili la GPX hakuna cha kuchagua, ni 4326. Unapoingiza jedwali la namba zilizonakiliwa kwa mkono, lazima useme wewe, na programu itakuamini. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu ana data ya Arc 1960, anataka iwe WGS84, basi anabofya safu ya data (layer) na kuibadilishia CRS, yaani mfumo wa kodineti. Hapo hajabadilisha data, amebadilisha lebo tu, na nukta zote zimehama. Lebo inapaswa kueleza data ilivyo sasa. Kuigeuza kweli kunafanyika wakati wa kuihifadhi upya kama faili jingine lenye CRS unayoitaka. Programu ikikuuliza utumie mgeuzo gani kati ya Arc 1960 na WGS84, chagua wa nchi yako. Tofauti kati ya mgeuzo mmoja na mwingine ni ya mita chache hadi kama 20, na kwa GPS ya mkononi hiyo bado inaonekana.

Kazi ngumu zaidi ni daftari la zamani ambalo aliyeliandika hayupo tena. Kuna kodineti za visima arobaini na hakuna datumu. Usikisie. Ingiza jedwali hilo kwenye QGIS mara mbili, kama safu mbili: moja uiite 21037, nyingine 32737, au kanda nyingine inayohusika. Weka picha ya setilaiti chini yake. Kisha tafuta nukta inayopaswa kuangukia kitu kisichohamahama: daraja, kona ya jengo la shule, makutano. Picha yenyewe inaweza kuwa imesogea kwa mita kadhaa, lakini haisogei kwa 300, hivyo moja kati ya safu mbili itakaa juu ya daraja na nyingine itaelea shambani. Jaribu nukta tatu au nne za aina hiyo, kwa sababu huenda daftari liliandikwa na watu wawili wenye vifaa vilivyowekwa tofauti, na nusu ya kurasa ni Arc na nusu ni WGS. Ukishapata jibu, andika datumu na kanda kwenye jina la faili papo hapo, kwa mfano visima_arc1960_37S, kabla hujalituma kwa mtu mwingine.